Bei ya Kifuniko cha Mtaro

Mbarara, mji mkubwa wa nchi ya Ankole, magharibi ya Uganda, ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Wageni hulipima jiji kwa maghorofa na urefu wa lami yake. Wenyeji hulipima kwa nyayo zao. Alfajiri, kabla malori yaendayo Kabale na mpaka wa Rwanda hayajaijaza barabara kuu, walio wengi mitaani ni watu wa miguu: wanafunzi, wauguzi wa Hospitali ya Rufaa, akina mama wenye vikapu, askari wanaokwenda kubadilishana zamu, na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mikungu ya matoke hata msukumaji mwenyewe haonekani. Hao wote, tangu mji uanze kuwa mji, wamezoea kutembea mahali palipobaki baada ya gari kuchukua fungu lake. Na palipobaki, mara nyingi, ni ukingo wa mtaro.

Jambo hili lina kichekesho chake, maana Waganda ndio walioipa dunia neno boda boda. Neno hilo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikaenea kila mji, na baiskeli yenyewe ikasukumwa kando kama mzee aliyesahauliwa na wajukuu.

Serikali haikulinyamazia jambo hili. Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, yaani wa miguu na baiskeli. Mwaka 2013 ilianza programu ya miundombinu ya miji, ijulikanayo kwa kifupi kama USMID, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Manispaa 14 zikachaguliwa, Mbarara ikiwa mojawapo. Nyongeza ya mwaka 2018 ikafikisha idadi hiyo 22, tena ikaziingiza wilaya zinazopokea wakimbizi, na Isingiro, yenye makazi ya Nakivale, ikawa miongoni mwao. Kampala nayo ilitenga kipande cha Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Sera ipo, basi, na fedha zimepata kutolewa. Lakini kati ya sera na kiatu cha mwananchi kuna karatasi nyingi, na karatasi moja kati ya hizo ndiyo inayozungumziwa hapa. Nayo ni orodha ya kazi na bei anayoijaza mkandarasi anapoomba zabuni.

Yuko mama mmoja, mke wa sajini wa polisi, anayekaa na mumewe na watoto wanne katika kota za askari. Kazi yake ni mkadiriaji wa majenzi katika halmashauri moja ya mji huko huko Ankole, ambayo haina haja ya kutajwa. Alizaliwa katika kijiji kinachopakana na Nakivale, na dada yake mkubwa angali anaishi huko, akiuza samaki wakavu.

Nakivale yafaa ielezwe kidogo, kwa kuwa watu wengi hulisikia jina hilo wakadhani ni uwanja wa mahema. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo wamo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na lugha inayowakutanisha wengi wao sokoni ni Kiswahili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa hiyo watu wa Nakivale wamo katika maisha ya Mbarara kila siku, ijapokuwa safari ni ya kilomita 60 hivi na sehemu yake ni barabara ya udongo. Fundi cherehani wa Kikongo huja kutafuta vitambaa. Mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa. Dada wa mama huyu huja na magunia yake ya samaki. Wote hushuka katika kituo cha taksi, na kutoka kituoni hutembea.

Halmashauri aliyoajiriwa mama huyo iliamua kuujenga upya mtaa wake wa soko, kuanzia ofisi za mji, kupitia sokoni, hadi kituo cha taksi. Michoro ilionyesha njia ya magari ya lami, njia ya baiskeli iliyotengwa kwa mawe ya kingo, na njia ya miguu pande zote mbili. Mtaa wenyewe ni mwembamba, hivyo wahandisi waliamua kwamba njia ya miguu ipite juu ya mtaro wa maji ya mvua. Mtaro ungefunikwa kwa vifuniko vya zege, na vifuniko hivyo ndivyo vingekuwa njia. Ndugu msomaji, shika neno hilo. Katika mtaa ule, pasipo kifuniko hapana njia ya miguu, pana shimo.

Zabuni zikatangazwa, muda ukaisha, sanduku likafunguliwa mbele ya wazabuni wote na bei zikasomwa kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Mama yule aliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya tathmini.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Uganda, ya mwaka 2003, imeigawa kazi hii makusudi ili mtu mmoja asishike kisu na nyama kwa pamoja. Idara yenye haja hueleza haja yake; kitengo cha ununuzi hutayarisha nyaraka; kamati ya tathmini husoma zabuni na kupendekeza; kamati ya mikataba hukubali au hurudisha; na afisa mhasibu, ambaye katika mji ni Karani wa Mji, ndiye anayetia sahihi. Wajumbe wa tathmini nao, kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, hutia sahihi kwamba hawana maslahi yao wenyewe katika zabuni hiyo na kwamba watafuata maadili.

Kusoma kwenyewe kuna ngazi tatu. Kwanza hutazamwa hati: usajili, kodi, dhamana ya zabuni. Hatua hii huonekana kama kazi ya karani tu, lakini Uganda ilijifunza kwa gharama kubwa kuwa sivyo. Mwaka 2013 mkataba wa barabara ya Mukono–Kyetume–Katosi, ya kilomita 74, ulitolewa kwa kampuni iliyojiita Eutaw, na shilingi bilioni 24 na zaidi zikalipwa kama malipo ya awali. Baadaye ikabainika kwamba walioomba kazi hiyo walijivika jina la kampuni ya kweli ya Marekani isiyokuwa na habari nao, na dhamana walizoleta zilikuwa za kughushi. Mkataba ukavunjwa mwaka 2014, na mambo ya barabara yakaundiwa tume ya uchunguzi. Simu chache tu kwa wenye jina lao zingeokoa fedha zile. Tangu hapo wakadiriaji wenye akili hupiga simu.

Ngazi ya pili ni ya utaalamu: mitambo, mafundi, kazi zilizopita. Ya tatu ni bei. Hapo ndipo watu wengi husema kanuni ni rahisi, kwamba mwenye bei ndogo hushinda. Ndivyo inavyosemwa vijiweni. Kanuni yenyewe husema ni mwenye bei ndogo baada ya kutathminiwa, miongoni mwa waliotimiza masharti, na maneno hayo ya katikati ndiyo yenye kazi yote.

Siku ya kwanza ya kikao, mama yule alianza na orodha za bei. Wenzake walitazama jumla mwishoni. Yeye alishuka mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, kama mtu anayechambua mchele. Mzabuni mwenye bei ndogo kuliko wote alikuwa na hati safi, mitambo ya kutosha na kazi mbili za barabara alizozimaliza. Lakini katika mstari wa vifuniko vya mtaro palikuwa na tarakimu ndogo hata ikamfanya avue miwani aifute.

Hesabu yake haihitaji chuo. Kifuniko cha urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10 hutaka saruji kilo 20 hivi, yaani karibu nusu ya mfuko wa kilo 50. Hapo nondo hazijahesabiwa, wala kokoto, wala mchanga, wala mshahara wa mtu wa kukimwaga na wa kukibeba. Bei aliyoiandika mzabuni yule kwa kifuniko kizima haikutosha kununua hiyo saruji peke yake. Mawe ya kingo ya njia ya baiskeli yalikuwa hivyo hivyo. Kinyume chake, bei ya kuchimba udongo na kumwaga kifusi, kazi za mwanzo kabisa, ilikuwa juu sana kuliko ya wazabuni wote wengine.

Asiyeujua ujenzi atauliza ubaya uko wapi, maadamu jumla ni ndogo. Ubaya uko katika namna mkandarasi anavyolipwa. Hulipwa kila mwezi au kila kipindi kwa kazi iliyokwisha kupimwa. Aliyeweka bei kubwa katika kazi za mwanzo hupata fedha nyingi mapema. Kufikia siku lami inapomwagwa, faida yake yote imo mfukoni. Kilichobaki ni vifuniko na mawe ya kingo, na kila kimoja atakachotengeneza ni hasara kwake. Basi mitambo huanza kuharibika ghafla, mafundi huugua, mvua hulaumiwa, na siku moja kambi ya ujenzi huwa na mlinzi mmoja na mbwa. Magari yanapita juu ya lami mpya. Viongozi wamekwisha piga picha. Mtaro umebaki wazi, na watembeao kwa miguu wameingia barabarani pamoja na malori, ambayo sasa yanakwenda kasi kuliko zamani kwa sababu lami ni nzuri.

Jioni ile aliandika maoni yake katika ukurasa mmoja, akatia sahihi na tarehe, akamkabidhi mwenyekiti wa kamati. Tarehe hiyo ilikuja kuwa na maana.

Siku ya pili, saa moja usiku, mgeni alibisha hodi kwenye kota. Alikuwa afisa mstaafu, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye zamani alikuwa mkubwa wa sajini yule. Alikuja na kidumu cha maziwa cha lita tano. Asiye mwenyeji wa Ankole huenda asione kitu hapo. Lakini katika nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, maziwa si bidhaa tu. Ni salamu, na kumrudishia mtu mzima maziwa yake mlangoni ni tusi.

Wakanywa chai. Wakaulizana habari za watoto, za mifugo, za maumivu ya magoti. Mwisho mgeni akasema, "Shemeji, kijana wetu mmoja ameomba ile kazi ya mtaa wa soko. Hatuombi upendeleo. Tunaomba tu asomwe vizuri."

"Afande," alijibu mama, "zabuni zote zinasomwa vizuri. Zaidi ya hapo sina neno, maana makaratasi yamefungiwa ofisini na ufunguo sina."

Mgeni akacheka, akamsifu, akaaga. Mlango ulipofungwa, mama akamwuliza mumewe jina la kampuni ya huyo kijana. Sajini akalitaja. Mama akakaa kitini.

Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ya pili kwa bei, ile iliyoandika bei ya vifuniko sawasawa na hesabu yake mwenyewe. Kila neno aliloliandika jana dhidi ya mzabuni wa kwanza lilimsogeza mbele mzabuni wa pili. Lau mgeni angekuwa mtu wa yule wa kwanza, jambo lingekuwa jepesi: angekataa, na kukataa kwake kungeonekana na watu wote. Sasa alichokiamini kuwa haki kilikuwa kimevaa nguo za rushwa.

Mke na mume walikesha. Watoto wamelala chumba cha pili, wao wakazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama watoto," alisema sajini, "huyu mzee ndiye aliyenipokea nilipotoka depo. Mama yangu alipofariki, ndiye aliyetoa gari. Ukiandika jina lake katika kumbukumbu za kikao, mimi nitakutana naye kwa uso gani?"

"Sitaandika kwamba ametoa rushwa, kwa sababu hakutoa. Nitaandika kwamba alikuja, saa ngapi, na alisema nini. Maziwa yataandikwa kuwa maziwa."

"Na usipoandika? Nani aliyemwona?"

"Wewe umemwona, Baba watoto. Na watoto watayanywa asubuhi."

Sajini hakujibu. Askari wengi watamwelewa. Katika jeshi lolote, la ulinzi au la polisi, mtu hulelewa na wakubwa wake kama mtoto anavyolelewa na wajomba, na deni la malezi hayo haliandikwi popote wala halina tarehe ya kuisha. Ndiyo maana mwombaji mwenye busara haendi ofisini kwa mke. Huja nyumbani kwa mume. Anajua kwamba mezani pa chakula hakuna karani wa kuandika.

Asubuhi mama alikwenda mapema, akamkuta mwenyekiti peke yake, akamweleza yote. Aliomba ajiondoe katika kamati. Mwenyekiti, mhandisi wa makamo asiyependa maneno mengi, alimsikiliza, kisha akaita wajumbe wengine na kumtaka arudie mbele yao. Yakaandikwa: jina la mgeni, saa, maneno, na maziwa lita tano. Mama akatoka chumbani. Nafasi yake ikajazwa na mkadiriaji kutoka idara nyingine, ambaye alipewa ule ukurasa wa siku ya kwanza na kuambiwa apige hesabu upya bila kuutegemea.

Wako waliosema alifanya kiherehere. Walisema angebaki na kutoa sauti yake, kwani hakula cha mtu. Wengine walisema angeyamwaga maziwa yale. Maoni ya namna hii ni mepesi kwa mtu asiyekuwa na watoto wanne na mume mwenye mkubwa wake wa zamani. Alichofanya kilikuwa na faida moja ambayo haikuonekana siku ile: kilitenganisha hesabu na mtu. Hesabu ya kifuniko ilibaki mezani, mwenye kuipiga akaenda zake, na aliyekuja baada yake akapata jibu lile lile.

Kamati ikamwandikia mzabuni wa kwanza, ikimtaka aeleze mchanganuo wa bei zake za vifuniko na mawe ya kingo. Kanuni zinaruhusu kuuliza hivyo, ila haziruhusu mzabuni kubadili bei katika kujibu. Alijibu kwamba anavyo vifuniko vilivyobaki kutoka kazi nyingine. Wakaomba wakavione. Wakaonyeshwa rundo nyuma ya karakana, vingine vimepasuka, wala havikutosha hata upande mmoja wa mtaa.

Hapo palizuka ubishi wa kweli, nao haukuwa wa wajinga. Mjumbe mmoja alisema mzabuni amejifunga kwa bei yake na sheria itambana. Kwa nini halmashauri ikatae kuuziwa kwa rahisi? Watoza ushuru wa soko hawaokoti fedha chini. Mwingine akajibu kwamba sheria humbana mtu aliyepo, na huyu atakuwa amekwisha ondoka. Akakumbusha pia kwamba mteremko wa viti vya magurudumu kwenye kila kivuko nao ulikuwa umewekewa bei ya mzaha. Nyuma ya soko, alisema, anakaa askari aliyepoteza mguu Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda mwaka 2007, naye hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. "Mtu huyo," alisema, "ukingo wa nusu futi kwake ni ukuta."

Walichoamua kimo katika nyaraka nyingi za zabuni, hasa zile za kazi zinazofadhiliwa na Benki ya Dunia, ingawa halmashauri nyingi hazikitumii. Hawakumkataa mwenye bei ndogo. Walipendekeza apewe kazi kwa sharti kwamba dhamana yake ya utekelezaji iongezwe kwa kiasi cha kutosha kumalizia vifuniko, mawe ya kingo na miteremko endapo atakimbia. Benki ndiyo ingeshika roho yake, si ahadi yake. Kamati ya mikataba ikakubali. Tangazo la mzabuni aliyeshinda likabandikwa ubaoni kwa siku 10 za kazi, kama ilivyo desturi, ili mwenye lalamiko alilete.

Siku zikapita, barua ya kukubaliwa ikatoka, na mshindi hakuleta dhamana. Akaomba muda, akaongezewa, hakuileta. Ni dhahiri kwamba benki yake nayo ilikuwa na mkadiriaji wa kupiga hesabu. Halmashauri ikahamia kwa mzabuni wa pili.

Ndipo lalamiko lilipokuja, na kama alivyotarajia mama yule, lilikuwa la maziwa. Mzabuni wa kwanza aliandika kwamba mjumbe wa tathmini alitembelewa nyumbani na mtu wa mshindani wake. Habari hizo alizipata wapi haikujulikana. Kota za askari zina kuta nyembamba. Karani wa Mji akaagiza jalada. Ndani yake akakuta tembelezi lenyewe limeandikwa siku ya tatu ya kikao, na yule mjumbe mwenyewe akiwa ndiye aliyelisema. Akakuta ukurasa wa hesabu wenye tarehe ya siku ya kwanza, kabla mgeni hajabisha hodi. Akakuta na hesabu ya pili ya mkadiriaji mwingine. Afisa mstaafu aliitwa akahojiwa, akakiri kwamba alikwenda, akasema alikwenda kama mzazi. Mwenye kampuni alionywa kwa maandishi. Lalamiko likakataliwa, na mlalamikaji hakwenda mbele kwenye baraza la rufani za zabuni.

Ingekuwa hadithi, ingeishia hapo. Lakini bei ya haki ni bei kubwa. Fedha zilizotengwa zilikuwa zimekadiriwa kwa matumaini, na zabuni ya pili ilizizidi. Palikuwa na njia mbili: kutangaza upya na kupoteza mwaka mzima, au kupunguza urefu wa kazi kwa idhini ya wahusika wote. Wakapunguza. Kipande kilichoondolewa ni cha mwisho, kutoka kona ya soko hadi kituo cha taksi.

Mtaa ukajengwa. Vifuniko vyake ni vizima, havichezi ukivikanyaga, na ukingo wa kila kivuko umeshushwa hadi chini. Yule askari hupita na baiskeli yake ya mikono hadi ofisi za mji bila kusukumwa na mtu. Wasukumaji wa matoke wana njia yao, ijapokuwa pikipiki huiingilia kila polisi wa barabarani anapogeuka, na wachuuzi wamekwisha anza kupanga nyanya juu ya vifuniko. Hiyo ni kazi nyingine. Afisa mstaafu hajafika tena kwenye kota. Sajini humpigia simu sikukuu zote, naye hupokea, wakaulizana habari za mifugo.

Dada mkubwa alikuja kutoka Nakivale wakati wa masika na magunia yake mawili. Alishuka kituoni, akapita kwenye tope lile lile la miaka yote, mtaro ukiwa wazi kushoto kwake, mpaka kona ya soko. Hapo ndipo mguu wake ulipokanyaga kifuniko cha kwanza. Alipofika kwa mdogo wake alikuwa amelowa hadi magotini.

"Mdogo wangu," alisema akivua viatu mlangoni, "mmejenga vizuri. Lakini nyinyi mlijenga kuanzia ofisini. Mngeanzia tulikoshukia sisi, fedha zingekwishia ofisini, na wenye ofisi wangezitafuta nyingine."

Mama yule hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo katika kikao, wala yeye. Alimletea maji ya kunawa. Wiki iliyofuata, idara zilipotakiwa kupeleka maombi ya mwaka mpya wa fedha unaoanza Julai, aliandaa makadirio ya kipande kilichobaki. Aliipima kazi kuanzia kituo cha taksi kuja sokoni, na mstari wa kwanza aliouandika ulikuwa wa vifuniko. Saruji ilikuwa imepanda bei.